Treni ya mjini ikija Arusha: siti za ubavuni au za mtindo wa basi?

#1 FundiSiti_R

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa siti, kijiwe changu kiko maeneo ya Unga Limited. Natengeneza fremu, nakata sponji, navalisha leza. Coaster na vifodi (daladala zetu ndogo) mnavyopanda mjini humu, vingi vimepita mikononi mwa watu kama mimi. Kwa hiyo hili naliongelea kwa jicho la fundi, wenye elimu ya reli wataongeza.

Kila ikitajwa treni ya watu wa kila siku kati ya Arusha, Usa River na Moshi, mjadala huishia kwenye nauli na "itaanza lini". Treni tuliyonayo sasa, ile iliyorudi Arusha Oktoba 2020 baada ya zaidi ya miaka 30, ni ya safari ndefu ya Dar. Huwezi kuipanda asubuhi ukawahi kazini Kijenge. Nazungumzia treni ya mjini: unapanda Tengeru, unashuka stesheni, jioni unarudi.

Tajiri akiniletea gari lenye bodi tupu, swali lake la kwanza ni moja: "Fundi, zitaingia siti ngapi?" Kwa kifodi ni swali la maana, maana anayelipa ni aliyekaa. Kwa treni ya mjini naona swali hilo linampotosha kila mtu.

Nimekaa na kalamu. Chukua behewa la mita 20, ndani libaki mita 19 kwa upana wa mita 2.6.

Mtindo wa basi, wawili huku wawili kule, wote wanatazama mbele au nyuma: milango miwili kila upande na uwazi wake inakula mita 3. Zinabaki 16. Ukiacha sm 80 toka mgongo wa siti hadi mgongo wa siti unapata safu 20, abiria 80 wamekaa. Korido inabaki sm 80. Sakafu ya kusimama, korido na mlangoni, ni kama mita za mraba 20.6.

Mtindo wa ubavu, mabenchi marefu yameegemea ukuta na abiria wanatazamana: milango mitatu mipana ya mita 1.3 kila upande. Ukitoa vizuizi vya pembeni mwa milango na nafasi ya baiskeli ya mlemavu, wanakaa 56. Sakafu ya kusimama, hata ukiondoa sehemu ya miguu ya waliokaa, inakaribia mita za mraba 30.

Sasa simamisha watu wanne kila mita ya mraba. Mtindo wa basi unabeba 162, wa ubavu 175. Simamisha sita: 204 kwa 234.

Mmeona? Umepoteza siti 24 ukapata watu 13, au 30 wakibanana. Wanaosema ubavuni "inabeba mara mbili" wanatupiga fiksi. Faida yenyewe haiko kwenye siti. Iko kwenye mlango wa tatu, na kwenye sakafu ambayo mtu anaweza kutembea badala ya kuganda mlangoni.

Swali langu kwenu: nyie wa Arusha na Moshi mngekubali kusimama mpaka wapi?

#2 Chalii_Sakina

Mimi kwenye kifodi nimezoea kukaa wanne siti ya watatu, goti langu kwenye mgongo wa mtu. Nikipewa mita ya mraba nigawane na watu watatu tu, oya, hiyo si nimepangishiwa chumba?

#3 Meku_Kibosho

Fundi, hesabu nzuri ila umeifanyia Arusha. Sisi wa Moshi hutujaona.

Moshi mpaka Arusha kwa reli ni zaidi ya kilomita 80. Treni ikienda mwendo wa wastani wa 50 kwa saa, ni saa moja na nusu na ushee. Nisimame muda wote huo nikiwa nimeshika mkanda, halafu nifike kazini nianze kazi? Nitabaki kwenye Coaster yangu, mlango kwa mlango, hata ikikaa foleni pale Usa. Coaster ina ubaya mwingi lakini nimekaa.

Na usiniambie "tutaleta treni mbili za aina tofauti". Ukiwa na aina mbili unahitaji za akiba za aina mbili. Treni ya Moshi ikiharibika hakuna ya kuiziba pengo.

#4 MamaNdizi_Tengeru

Mnaongea siti siti. Mimi nina mikungu na mashada ya ndizi, jirani yangu ana matenga mawili ya parachichi. Siku ya soko Tengeru, Jumatano na Jumamosi, nusu ya abiria ni mzigo. Mmenihesabia kwenye mita gani ya mraba?

#5 FundiSiti_R

> Nisimame muda wote huo nikiwa nimeshika mkanda, halafu nifike kazini nianze kazi?

Meku, hapo hatubishani. Uingereza kwa miaka mingi walikuwa na kipimo chao: abiria wa treni asisimame zaidi ya dakika 20. Ukifuata hicho, anayetoka Tengeru anaweza kusimama bila kinyongo, wa Usa yuko mpakani. Wa Boma Ng'ombe na Moshi lazima akae. Ndiyo maana siamini kwamba kuna jibu moja la "siti bora". Mwambie fundi mtu atakaa humo muda gani, ndipo akate bomba.

Kuhusu aina mbili za treni, London wana mfano ninaoupenda. Treni zao za S Stock, zilizoanza kazi 2010, ni familia moja: umbo moja, milango ile ile, vipuri vile vile. Ila zile za njia ya Metropolitan, ambayo inatoka nje ya jiji mpaka Amersham, zimechanganywa siti za ubavuni na za mtindo wa basi. Zile za Circle na District, ambazo watu hupanda na kushuka kila dakika mbili tatu, zina ubavu mtupu. Bodi haikubadilika. Kilichobadilika zaidi ni kazi ya fundi kama mimi, na idadi ya mabehewa.

Elizabeth line iliyofunguliwa Mei 2022 nayo imechanganya ndani ya treni moja. Mabehewa tisa, siti 450, inabeba mpaka watu 1,500. Yaani wawili kati ya watatu wanasimama ikijaa, na ni treni mpya ya nchi tajiri. Sisi huku ukimsimamisha mtu anasema umemdharau.

Mama Ndizi, swali lako ni zito kuliko la Meku, nakuja.

#6 Stesheni_ya_Zamani

Vijana, nimesoma. Nilikula mkate wa reli kabla sijastaafu, niongeze mambo ambayo siti haziwezi kuyaficha.

Kwanza, reli yetu ni njia moja. Ile ya Tanga ilifika Moshi enzi za Mjerumani, 1911, na kipande cha Moshi hadi Arusha kikafunguliwa 1929. Treni mbili zinazokuja uso kwa uso hupishana stesheni tu, kwenye njia ya kupishania. Maana yake treni ikichelewa dakika tatu Usa kwa sababu watu wanasukumana mlangoni, ile iliyokuwa inaisubiri imechelewa pia, na inayofuata nyuma yake nayo. Barabarani kifodi kikichelewa wenzake wanakipita. Kwenye njia moja ucheleweshaji unarithiwa.

Fundi, fanya ile hesabu yako kwa saa badala ya vichwa. Watu 120 wanashuka behewa moja. Milango miwili ya sm 80, wanapita mmoja mmoja, kila mmoja sekunde moja na nusu: sekunde 90. Milango mitatu ya mita 1.3, wanapita wawili wawili: sekunde 30. Na hapo hakuna aliyepanda bado. Ukiwa na vituo sita njiani umeokoa dakika sita kila upande. Dakika hizo zikifika jioni unaweza kuwa umepata safari nzima ya ziada kwa treni ile ile. Safari ya ziada inabeba kuliko siti 24 zako.

Pili, platifomu. Stesheni za reli ya zamani platifomu zake ni za chini, unapanda ngazi za behewa. Mama ana mtoto mgongoni na beseni kichwani, sekunde moja na nusu ya kwangu inakuwa sita. Mkiona SGR ya Dar abiria wanaingia moja kwa moja bila kupanda ngazi, msidhani ni urembo. Milango mitatu juu ya ngazi tatu ni fedha iliyotupwa.

Tatu, uzito. Watu 234 kwa kilo 65 ni tani 15 na zaidi juu ya behewa tupu. Kabla hujaamua kusimamisha sita kwa mita ya mraba muulize mhandisi wa njia kama reli na madaraja yanakubali uzito huo kwa kila ekseli. Mwenye bodi ya Hiace hana haja ya kuuliza hivyo.

#7 FundiSiti_R

Shikamoo mzee. "Ucheleweshaji unarithiwa", nitaichonga kwenye kibao niibandike kijiweni.

#8 Stesheni_ya_Zamani

Marahaba. Chonga na jina langu.

#9 Kipimo_cha_Futi

Naomba kuchokonoa. Hizo namba nne na sita kwa mita ya mraba zinatoka wapi? Maana ndizo zinazoamua kila kitu hapo juu. Mwenye treni akitaka ionekane inabeba sana anaandika sita, akitaka kusifiwa ana starehe anaandika nne. Treni ni ile ile.

Na reli yetu ni nyembamba, geji (nafasi kati ya chuma na chuma) ya mita moja. Behewa la upana huo si litapinduka?

#10 FundiSiti_R

Mkuu, umeona mbali. Ukisoma popote "inabeba abiria elfu moja", uliza wamesimamishwa wangapi kwa mita. Nne ndiyo kawaida ya Ulaya, sita hutumika sana kwingine duniani. Mumbai wao wana daraja lao peke yao: saa za msongamano hufikia 14 mpaka 16 kwa mita ya mraba. Jaribu kuchora mraba wa mita moja sakafuni kwako uweke watu 14, utaelewa kwa nini kule watu huning'inia mlangoni na kwa nini wengi hufa kwa kuanguka. Hiyo huwezi kuiita uwezo wa treni.

Wajapani wana njia ninayoiona ya kiungwana zaidi, wanapima kwa asilimia na kuieleza kwa mwili wa mtu. Asilimia 100 ni pale kila mmoja ana siti, au mkanda wa kushika, au nguzo ya mlangoni. 150 bado unafungua gazeti. 180 unalisoma limekunjwa. 200 miili inagusana na unabanwa, ila jarida dogo unaweza kulilazimisha. 250 mkono haunyanyuki, treni ikiyumba mnayumba wote. Hata mtu asiyejua mita ya mraba ni nini anaelewa amewekwa daraja gani.

Kwa upana: Japani hao hao njia zao nyingi za mijini ni geji ya milimita 1,067, sawa na TAZARA, imeizidi yetu kwa milimita 67 tu. Juu yake zinapita treni za mjini aina ya E233 zenye upana wa karibu mita 2.95, milango minne kila upande kwa behewa la mita 20. Malaysia, KTM Komuter ya Kuala Lumpur inatembea kwenye geji ya mita moja kabisa, kwa umeme. Mzee Stesheni anirekebishe, lakini naelewa kinachobana upana zaidi ni madaraja, mikato ya milima na kingo za platifomu.

#11 Stesheni_ya_Zamani

Ndivyo. Na mwendo kwenye kona. Upana peke yake haupindui behewa.

#12 BintiSoweto_Moshi

Mmefika posti kumi na moja na hakuna aliyegusa hili, niliguse mimi.

Siti za ubavuni maana yake nimekaa, na mwanaume amesimama mbele yangu, mkanda wa suruali uko usawa wa uso wangu, treni inayumba. Au nimesimama mimi, mtu yuko nyuma yangu na anasingizia kuyumba. Wanawake wanaopanda mwendokasi Dar wanajua nasema nini. Kwenye siti ya mtindo wa basi nikikaa dirishani nina ukuta upande mmoja na mtu mmoja tu wa kumwangalia.

Kwa hiyo mkipanga sakafu wazi kwa ajili ya "watu watembee", pangeni na hilo. Cairo wametenga mabehewa ya wanawake kwenye metro yao. Mumbai walianzisha treni nzima ya wanawake tangu Mei 1992. Tokyo wana behewa la wanawake saa za msongamano. Sio lazima tuige yote, ila msituambie nafasi ni nafasi.

#13 Chalii_Sakina

Dada umesema. Ila swali la kizushi: si waweke ghorofa tu? Kila mtu akae, yaishe. Juu Meku, chini Mama Ndizi.

#14 MamaNdizi_Tengeru

Chini niko na ndizi zangu, Meku juu asimwage mbege.

#15 FundiSiti_R

Binti Soweto, nimekusikia, na kuna la kifundi linaloweza kusaidia hapo: nafasi kati ya benchi na benchi. Ukiacha mita 1.3 wazi baada ya miguu, waliosimama wanaweza kuwa mistari miwili wakapeana migongo katikati. Ukibana ikawa mita moja, lazima mmoja awe usoni kwa aliyekaa. Haiondoi tatizo, uhuni hauzuiwi kwa tepu ya kupimia. Behewa la wanawake asubuhi na jioni mimi naliunga mkono.

Chalii, ghorofa: Sydney wamekaa na treni za ghorofa miaka mingi. Siti nyingi, tatu kwa mbili, na migongo inageuzwa utazame mbele. Shida ni kwamba behewa lina milango miwili tu kila upande, na aliye juu lazima ateremke ngazi kabla hajafika mlangoni. Kila stesheni kubwa treni inasimama muda mrefu. Walipojenga metro mpya, ikafunguliwa Mei 2019, wakaleta za sakafu moja, milango mitatu kila upande, siti za ubavuni. Wakazi wa jiji lile lile lililozoea kukaa! Paris wao kwenye njia ya treni ya RER A wameng'ang'ania ghorofa, lakini wakaweka milango mitatu mipana kila behewa, na treni mbili zikiunganishwa zinabeba karibu watu 2,600. Kwa hiyo inawezekana, mradi mlango haukusahauliwa. Sisi tupitishe kwanza ya kawaida chini ya madaraja yetu.

#16 Meku_Kibosho

Nimekaa kimya nasoma. Nina hoja moja inayoweza kutupatanisha. Nimeona Wajapani wana siti zinazogeuka: mchana zimepangwa ubavuni, jioni zinazungushwa zinakuwa mtindo wa basi kwa wanaokwenda mbali, na wanalipia zaidi. Treni moja, kazi mbili. Kwa nini tusiagize hizo? Arusha mpaka Usa wabanane wanavyotaka, ya saa kumi na mbili jioni igeuzwe ya Moshi.

#17 FundiSiti_R

Ni kweli zipo. Kampuni ya reli ya Kintetsu walianza nazo miaka ya 1990, wenzao wa Tobu wakaanza safari zao za TJ Liner mwaka 2008 kwa siti hizo hizo. Kama kichwa cha fundi zinanifurahisha sana.

Kama mkono wa fundi, zinanitisha. Siti inayozunguka ina bawaba, kufuli na mota chini yake. Vumbi letu la Julai, lile jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, litakaa humo. Coaster zina zile siti za kukunja za katikati, mnazijua. Kitu kinachokufa kwanza ni bawaba, na hiyo ni bawaba moja ya chuma isiyo na umeme. Ikikwama siti moja kati ya ishirini ikiwa nusu imegeuka, behewa zima haliuziki tiketi. Halafu siti inayozunguka haiwezi kuwa pana wala kukaa karibu na mwenzake, inataka duara lake. Unapoteza sakafu pande zote mbili za siku.

Wajapani hao hao waliwahi kufanya kali zaidi. 1990 kwenye njia ya Yamanote, jijini Tokyo, waliingiza mabehewa ya milango sita kila upande, siti zote zimekunjwa ukutani mpaka saa nne asubuhi. Hakuna anayekaa, hata bibi. Mwaka 2011 yakaondolewa kwenye njia hiyo, kwa sababu walikuwa wanaweka milango ya platifomu na milango sita haikulingana na behewa zingine za milango minne. Siti na mlango ukishaviamua, vinakufunga mpaka kwenye zege la stesheni. Ndiyo maana naleta mjadala huu kabla hata bati halijakatwa.

#18 Mzawa_Ilala

Salamu kutoka Dar, mimi mzaliwa wa huku ila mke ametoka Machame kwa hiyo nina haki ya kuchangia.

Tuna treni ya mjini tangu Oktoba 2012, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ninachowaambia: watu hawachagui siti. Wanachagua mlango. Anayeshuka kituo cha tatu hakai hata siti ikiwa tupu, anasimama mlangoni kwa sababu anaogopa kupitilizwa. Matokeo yake katikati ya behewa kuna nafasi na mlangoni kuna vita. Korido nyembamba ndiyo inayoleta hofu hiyo. Mtu akijua atatoka bila kuomba radhi kwa watu thelathini, ataingia ndani.

Kwa hiyo hesabu ya Fundi ya mtindo wa basi ni ya karatasi. Zile mita za mraba 12.8 za korido hazijai kamwe kwa safari fupi. Abiria 204 mtawapata Desemba tu, treni ya Wachaga wanaokwenda kuhesabiwa kwao Krismasi, maana hao wote wanashuka mwisho.

#19 Meku_Kibosho

Desemba usituguse. Tunasimama hata juu ya paa.

#20 Kipimo_cha_Futi

Point ya Mzawa inabadilisha hesabu. Ukijaza korido nusu tu, mtindo wa basi unashuka: mita 6.4 za korido na 7.8 za mlangoni ni 14.2, kwa watu sita ni 85, jumla 165. Ubavuni 234. Sasa tofauti ni 69, sio 30.

#21 FundiSiti_R

Asante kwa hiyo. Kwa safari za Tengeru naichukua kama ilivyo. Kwa za Moshi bado siti 80 zinabaki na maana yake.

Mama Ndizi, deni lako. Mumbai treni zao zina sehemu maalumu ya wachuuzi na mizigo, benchi kidogo ukutani, sakafu yote wazi. Wale wabeba chakula wa ofisini, dabbawala, wanapitisha humo makontena ya chakula kila siku. Mimi ningeweka nusu ya behewa la mwisho hivyo: siti za kukunja ukutani, sakafu ya bati lenye vipele inayooshwa kwa mpira wa maji, mlango mpana kuliko yote. Asubuhi ni ya ndizi, jioni matenga yakiwa matupu wanasimama watu.

#22 MamaNdizi_Tengeru

Hapo tumeelewana. Lakini iwe behewa la kwanza au la mwisho, lisibadilike. Siwezi kukimbia platifomu nzima na mkungu kichwani kutafuta mlango wangu. Na nauli ya mkungu ijulikane, isiwe ya kupatana na mtu mlangoni.

#23 Mwendo_wa_Magurudumu

Natumia kiti cha magurudumu, naishi Njiro. Kwenye kifodi konda ananibeba kama mzigo, na mara nyingi haniulizi. Fundi umetaja "nafasi ya baiskeli ya mlemavu" kwa maneno mawili, naomba iwe na vipimo. Mita 1.3 kwa sm 80, karibu kabisa na mlango, siti ya kukunja ukutani ili nisipokuwepo mtu akae. Mlango wa mita 1.3 mliousifia kwa ajili ya wanaoshuka wawili wawili ndio huo huo unaoniingiza mimi. Lakini kama mzee alivyosema, platifomu ikiwa chini, mlango mpana nautazama tu kutokea nje.

#24 Stesheni_ya_Zamani

Huyu amesema kwa sentensi moja nilichosema kwa aya nzima. Kuinua platifomu kwanza.

Na swali la nani atalipa: siti za treni ya mjini hazilipi treni, popote duniani tiketi za abiria wa mjini mara chache hutosha. Hivyo anayesema "tujaze siti ili ijilipe" anawaza kama mwenye Coaster. Mpango wa SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma umetajwa miaka mingi. Ukija, mtajadili upya kwa geji ya 1,435. Mimi ningeanza na hii iliyopo, stesheni nne tano.

#25 BintiSoweto_Moshi

Fundi, tuambie basi wewe ungekata nini. Umezunguka dunia nzima.

#26 FundiSiti_R

Behewa nne kwa kuanzia, aina moja, milango mitatu ya mita 1.3 kila upande kwa zote.

Mbili za katikati: siti za mtindo wa basi kwenye vipande kati ya milango, ubavuni zile za karibu na mlango. Hizo za Meku. Ya kwanza: ubavu mtupu, asubuhi na jioni ya wanawake. Ya mwisho: nusu ubavu, nusu ya Mama Ndizi. Nafasi ya magurudumu mbili kila treni, vipimo alivyotaja mwenyewe.

Benchi la ubavuni nisingelifanya tambarare. Tambarare mtu mmoja anakaa kwa mbili, mnajua tabia zetu. Sm 46 kila mtu kama E233, kila kalio na shimo lake, na benchi la watu saba likatwe kwa nguzo mbili za kushikilia: wawili, watatu, wawili. Nguzo hizo zinawapanga watu bila konda kupiga kelele "sogeeni", na bibi anazishika anapoinuka. Leza nisingeweka, vijana wanaichana kwa wembe. Kitambaa kigumu juu ya sponji nyembamba, chini yake fremu inayofunguliwa kwa boliti nne ili siti moja ikiharibika ibadilishwe usiku, sio behewa lipelekwe karakana.

Mikanda ya kushikilia nusu iwe mirefu nusu mifupi. Kwenye magari tunayoletewa bomba la juu limepigwa kwa kimo cha mwanaume mrefu, akina mama wanashika mgongo wa siti au wanamshika mtu.

#27 Chalii_Sakina

Fundi, na chini ya siti? Maana huko ndiko konda wa kifodi anaficha tairi la akiba na mimi miguu sina pa kuweka.

#28 FundiSiti_R

Wazi kabisa. Siti iningʼinie kwenye ukuta, isiwe na mguu hata mmoja. Ufagio upite, na begi lako lipite.